Vijana wanataka ubaharia, manahodha wapo: mafunzo tuyaanzie wapi?

Mwambao_Kusini ameuliza:

Wakuu, salaam.

Kikundi chetu cha ufukweni, kusini kidogo ya Pangani, kimekubaliana kuendesha mafunzo ya wiki 6 kwa vijana 12 wa miaka 17 hadi 24. Wanne ni wasichana wanaolima mwani. Wengine ni wavuvi wa kuajiriwa: kuvuta nyavu wanajua, lakini usukani hawajawahi kupewa.

Vyombo tulivyonavyo ni ngalawa 2, mashua moja ya futi 22 inayotumia tanga na mashine, na mashine yenyewe ni ya HP 15, ile ya kuchanganya mafuta. Walimu ni manahodha watatu, wote wamevuka miaka 60. Bahari hii wanaijua usiku na mchana, ila kufundisha kwao ni "tazama", kisha "si hivyo, mjinga wewe".

Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii:

1. Masomo yafuatane vipi? Wazee wanataka tanga kwanza, vijana wanataka mashine.
2. Wazee tuwasaidieje watoe kilichomo vichwani mwao?
3. Hesabu ya maji kujaa na kupwa inafundishwaje kwa mtu aliyeishia darasa la saba?

Maboya ya kuvaa tunayo 14, si mapya. Ahsanteni.

---

Tezi_na_Omo:

Salaam mkuu. Kabla ya kumfundisha mtu kwenda, mfundisheni kusimama. Mafunzo mengi huanza na kutweka tanga kwa sababu ndiko kunakopendeza machoni. Matokeo yake ni mwanafunzi anayejua kukaza demani (kamba ya kuvutia tanga), na kulegeza hajui. Ningekuwa mimi, wiki 2 za kwanza zote zingekuwa za kujinasua: kutua tanga, kufua maji (kuyatoa chomboni), kutia nanga, kumwokoa aliyeanguka, kuinua chombo kilichopinduka. Safari ningezianza wiki ya 3.

Chagueni siku ya kuanza kwa kuhesabu mwezi. Anzeni tarehe 8 hadi 10 za mwezi mwandamo, au 23 hadi 25. Hayo ni maji mafu, yanayopanda na kupwa kidogo, na kwa pwani yetu siku hizo maji hujaa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Asubuhi nzima mtakuwa na maji ya kiuno hadi kifua karibu na ufuko, mkondo ni mdogo, na anayeshindwa anasimama kwa miguu yake. Mkianza kwenye bamvua, siku za maji makubwa, saa 4 asubuhi maji yamekupwa, mko juu ya matope mnatazamana.

Siku ya kwanza hakuna chombo. Kila mmoja aelee dakika 10 bila kugusa chini, kisha aogelee mita 50 akiwa na nguo zake za kazi. Msishangae mvuvi wa miaka mingi akishindwa. Wapo wengi, na hawasemi mpaka wapimwe. Aliyeshindwa haondolewi, ila anaanza na somo la kuelea na habanduki kwenye boya.

Hayo maboya 14 yapimeni moja moja. Mtu mzima alivae, aingie maji ya kina kinachomzidi, alegee kabisa dakika 10. Kidevu kikizama, boya hilo halifai, hata likiwa na rangi nzuri. Sponji iliyokaa juani hupasuka ndani na kunywa maji, na mtu wa nje haoni. Halafu mshike mvaaji mabegani kwenye mikanda, mvute juu. Boya likipanda mpaka masikioni, ama ni kubwa kwake ama mikanda haikukazwa, na ndani ya maji litamtoka.

Kupinduka. Somo hili lifanyike kwa ngalawa, kwenye maji ya mita moja na nusu, tena kwa makusudi. Utaratibu ni huu:

Kwanza hesabuni watu, kwa sauti, kila mtu na namba yake. Hakuna anayeachia chombo kuogelea kwenda pwani. Ngalawa iliyopinduka inaonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani. Pili, fungueni demani, legezeni jarari (kamba ya kutwekea tanga), tanga litoke kwenye upepo. Tatu, chomoeni mlingoti na kuufunga kwa kamba ubavuni. Hapa ndipo watu hukosea: wanajaribu kuinua ngalawa huku tanga limejaa maji, na tanga lililolala majini huwezi kulinyanyua hata mkiwa sita. Nne, funga kamba kwenye mrengu (mti wa pembeni unaoshika ndubi) wa upande mmoja, ipitisheni juu ya mgongo wa chombo, watu wawili wasimame juu ya ndubi (ubao unaoelea) ya upande wa pili na kuvuta kwa uzito wa mwili. Ikishageuka itakuwa imejaa maji mpaka ukingoni. Msipande. Shikeni omo (mbele) na tezi (nyuma), sukumeni mbele na kurudisha nyuma kwa nguvu, maji yamwagike yenyewe kwenye ncha. Yakibaki nusu, apande mmoja, mwepesi, kwa upande wa tezi, afue kwa ndoo. Upo (kata ya kufulia maji) unakuja mwisho kwenye ngama, chini kabisa maji yanapotuama. Ndoo na upo vyote viwe vimefungwa kwa kamba. Visipofungwa, ndivyo vinavyoondoka wa kwanza.

Mashua ya futi 22 ni habari nyingine. Ikiwa na mifuko ya mchanga na mashine, ikijaa maji inazama. Fungeni madumu matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa, chini ya vikalio na ubavuni kabisa, sawasawa kulia na kushoto. Dumu moja hubeba karibu kilo 20. Mashine ya HP 15 peke yake ni kama kilo 35 hadi 40, kwa hiyo madumu 2 ni yake. Yakiwa 10 chombo kitabaki juu juu kikiwa kimejaa, na mnaweza kukishikilia. Mifuko ya mchanga isifungwe kwa mafundo magumu, iweze kutupwa.

Demani: haifungwi. Hilo liwe sheria isiyo na mjadala. Izungusheni mara moja kwenye kishikizo, mkono uwe juu yake muda wote. Upepo wa ghafla ukipiga, jibu la kwanza ni kulegeza demani, la pili ni kuelekeza omo upande wa upepo, la tatu ni kutua tanga. Fanyeni zoezi hilo mchangani, mashua ikiwa imekaa kavu, mpaka mtu atue tanga ndani ya sekunde 10 macho yamefungwa. Jarari ndiyo husaliti hapa: kamba iliyovimba kwa chumvi, au iliyorundikwa ovyo, hukwama kwenye kapi. Kila siku ikunjwe upya, ncha ya kushushia ikiwa juu.

Nanga. Kosa ni kamba fupi. Pigeni hesabu kwa kina cha maji yakijaa, siyo kina cha sasa. Mkitia nanga kwenye mita 4 na maji yatapanda mita 3, na kutoka usawa wa maji hadi omo ni nusu mita, jumla ni 7.5. Zidisheni kwa 5, ni mita 37 na ushee. Upepo ukiwa mkali zidisheni kwa 7. Mnyororo wa mita 3 au 4 kwenye nanga husaidia kuliko nanga kubwa zaidi, kwa sababu unalaza mkono wa nanga chini ili iume.

Aliyeanguka: mmoja kazi yake ni kunyoosha kidole kwake tu, asigeuze macho hata akiitwa. Mwingine anatupa dumu tupu lenye kamba. Nahodha anatua tanga mara moja na kurudi kwa makafi. Ufundi wa kumrudia kwa tanga ni wa wiki ya 5. Mwanafunzi akijaribu mapema atampita mtu mara tatu. Kwenye mashua ainuliwe katikati ya ubavu, kwenye ngalawa ashike mrengu kisha apandie karibu na tezi.

---

BintiKipwa:

Nijibu la wazee, maana la vyombo limeshapata mwenyewe.

Nahodha mzoefu akishika kana (mpini wa usukani) hajui tena kwamba anajua. Mkono unasukuma kabla kichwa hakijasema. Ukimwambia "fundisha" atafanya haraka, kwa usahihi, na kimya. Kosa si la mzee. Mpeni hatua nne, kwa kila somo, bila kuruka hata moja:

Afanye mara moja kwa mwendo wake wa kawaida, kimya. Afanye tena polepole huku anaeleza. Mara ya tatu mwanafunzi ndiye anayeeleza, na mzee anafanya *kile tu alichoambiwa*, hata kama ni kosa, mradi hakuna hatari. Mara ya nne mwanafunzi anafanya huku anasema anachofanya. Hatua ya tatu ndiyo dawa. Mwanafunzi akisahau kusema "legeza demani kwanza", mzee hailegezi, na wote wanaona chombo kinavyolala. Hakuna haja ya matusi hapo.

Mkiwa njiani, kijana mmoja awe na kazi ya kuuliza kila baada ya dakika 5: "Mzee, sasa hivi unaangalia nini?" Majibu yaandikwe. Mtashangaa. Atasema anaangalia rangi ya maji mbele, au mkunjo wa tanga karibu na foromali (mti unaobeba tanga), au moshi wa pwani unavyolala, au ndege wametua upande gani wa fungu (tuta la mchanga baharini). Hayo ndiyo masomo yenyewe, na hayamo kwenye kitabu cha chuo chochote.

Kabla ya siku ya kwanza wakalisheni wazee watatu pamoja na mashua, waguse kila kamba na kila ubao na kutaja jina. Mmoja akiwa wa Tanga, mwingine wa Kilwa, mwingine mzaliwa wa Pemba, kamba moja itapata majina mawili. Wakubaliane jina moja la mafunzo, liandikwe ubaoni. Amri nazo ziwe chache na zirudiwe na aliyeamriwa. "Tua tanga!" "Natua tanga!" Asiporudia, nahodha ajue hakusikia.

Mgawanyo: wanafunzi 3 kwa kila ngalawa na nahodha mmoja, mashua iwe na nahodha wa tatu na wanafunzi 3 kama chombo cha ulinzi, waliobaki 3 wako ufukoni na kazi za mafundo, kalafati (kuziba nyufa za mbao) na kushona tanga. Mzunguko kila dakika 40. Watu 6 kwenye ngalawa moja ni mkutano, siyo somo.

Kuhusu hao dada wanne. Suruali au dera fupi lililofungwa vizuri, khanga ibaki pwani. Ikilowa huwa nzito, hunasa kwenye mirengu na humfunga mtu miguu. Wazee waambiwe mapema kwamba wasichana watashika usukani sawa na wengine, isije ikawa wanakaa kufua maji tu. Na tena swali lako la tatu, la kujaa na kupwa: wapeni wao walifundishe. Mkulima wa mwani anaishi kwa bamvua. Anajua siku gani maji yatatoka mbali, saa ngapi, na yatachelewa kiasi gani kesho yake.

---

Plagi_Mbili:

Naheshimu wa juu, ila tanga peke yake kwa wiki nyingi kutawapoteza vijana. Ajira watakayoipata ni ya mashine. Wekeni siku moja ya mashine kila wiki kuanzia mwanzo, ikiwa imefungwa kwenye pipa la maji baridi (yasiyo ya chumvi) ufukoni. Kwenye chombo iingie wiki ya 4.

Mafuta kwanza. Mashine nyingi za HP 15 za aina hiyo hutumia lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Angalieni kitabu au kibandiko cha mashine yenu, hicho ndicho kauli ya mwisho. Ikiwa mpya au imefunguliwa na kubadilishwa pistoni, siku za mwanzo hupewa oili mara mbili. Oili iwe ya mashine za boti zinazochanganya; ya pikipiki au ya gari huacha masizi kwenye plagi. Mwagia oili kwanza na petroli kidogo, tikisa, ndipo ujaze. Oili ikiwa kidogo, pistoni hushika na mashine imekufa. Ikiwa nyingi mno, moshi na plagi chafu, lakini unarudi nyumbani.

Kuwasha: fungua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, hakikisha gia iko katikati, vaa kamba ya kuzimia mashine mkononi au mguuni, vuta choki, vuta kamba taratibu mpaka ikamate, kisha vuta kwa nguvu. Ikiwaka rudisha choki na *tazama maji ya kupoza yanayochuruzika nyuma*. Hayatoki? Zima. Usisubiri dakika.

Isipowaka, wafundisheni kutafuta kwa mpangilio huu, kwa sababu ndivyo uwezekano ulivyo: kile kikamatio cha kamba ya kuzimia kimechomoka; tundu la hewa limefungwa; mpira wa mafuta unavuta hewa kwenye maungio; maji yameingia kwenye petroli; plagi imelowa au ina masizi. Kijana anayekimbilia kufungua kabureta kabla ya hayo matano apewe kafi apige makasia. Mashine inayowaka kisha kuzima baada ya dakika 3 au 4 ni tundu la hewa, karibu kila mara.

Maji ya kupoza yakikatika, tazama mfuko wa nailoni au majani ya bahari kwenye matundu ya chini. Pwani zetu zimejaa nailoni. Kama ni safi, impela ya mpira, ile inayosukuma maji ya kupoza, imechakaa. Inauawa na mchanga, kwa kuendesha mashine kwenye maji ya magoti. Ukifika kina cha mita moja inua mashine, shika pondo.

Hesabu ya safari ni theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. HP 15 ikisukumwa mpaka mwisho hunywa kama lita 6 au 7 kwa saa. Tangi la lita 24 basi ni lita 8 za kwenda, saa moja na dakika chache. Kurudi mkipingana na kusi (upepo wa kusini) na mkondo, zile 8 za akiba mtazijua kazi yake.

Kamba ya kuzimia mashine ndiyo kifaa cha bei rahisi kuliko vyote na ndiyo wanaume wanaiona aibu kuvaa. Mwendeshaji akidondoka bila kamba, mashua huzunguka kwa duara na kumrudia yeye mwenyewe majini, panga la mashine likiwa linazunguka. Waelezeni hivyo, bila kupamba. Na ukimkaribia mtu yeyote aliye majini, mashine inazimwa kabisa. Gia ya katikati haitoshi, mkono hugonga.

Mashine ikizama chumvini, msiiache ikauke. Isuuzwe kwa maji baridi, toa plagi, igeuze matundu yaangalie chini, vuta kamba mpaka maji yaishe, tia oili kwenye silinda, ikiwezekana iwashwe siku hiyo hiyo. Ikilala mpaka kesho, kutu imeshaingia kwenye beringi.

---

Mwambao_Kusini:

Nawashukuru sana. Suala la dada zetu kufundisha bamvua sikuwa nimelifikiria kabisa, nitawapelekea leo.

Nabaki na mawili. Hesabu ya kina juu ya mafungu mnaifundishaje kwa urahisi? Na safari ya mwisho tunafikiria iwe kisiwa cha Maziwe, kwenda na kurudi kwa tanga. Ni busara?

---

Bildi_na_Dira:

Hesabu ya kina. Maji hayapandi kwa kasi moja. Gawanya tofauti ya kupwa na kujaa kwa 12, kisha saa 6 za kujaa zipewe sehemu hizi: 1, 2, 3, 3, 2, 1. Bamvua ya mita 3.6 inagawanyika vizuri kufundishia, kila sehemu ni sentimita 30. Saa ya kwanza yanapanda 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Saa ya tatu na ya nne ndizo zenye mkondo mkali, na ndizo za kukwepa kwenye milango ya miamba.

Mfano wa kuwapa: mashua inakaa ndani ya maji sentimita 60. Juu ya fungu, maji yakiwa yamekupwa kabisa, kuna sentimita 20. Unataka akiba ya 40 chini ya mkuku kwa ajili ya wimbi. Unahitaji mita 1 nzima, yaani yapande 80. Baada ya saa 2 yamepanda 90. Basi msipite kabla ya saa 2 kuisha. Kosa la kawaida ni kuchukua zile sentimita 20 za bamvua na kuzitumia siku za maji mafu. Maji mafu hayakupwi mpaka chini vile, kwa hiyo juu ya fungu lile lile huwa kuna maji zaidi wakati wa kupwa, ila yanapanda kidogo. Kila siku ina kupwa yake.

Wasioelewa kwa karatasi wataelewa kwa mti. Chomekeni mti wenye alama za sentimita 10 mahali maji yanapoishia yakikupwa, mmoja asome kila nusu saa na kuandika. Jioni wachore. Ile 1-2-3-3-2-1 itajitokeza yenyewe, na hapo hawatasahau.

Bildi (kamba ya kupimia kina) wajitengenezee: risasi ya kilo 2, kamba ya mita 20, alama kila pima (upana wa mikono iliyonyooshwa). Alama ziwe za kugusa siyo za rangi, maana usiku rangi haipo: kitambaa, ngozi, fundo moja, mafundo mawili. Chini ya risasi kuwe na shimo la kupaka grisi au sabuni, ilete mchanga au matope. Ikirudi safi na imekwaruzwa, chini ni mwamba, msitie nanga hapo.

Alama za pwani: kila mlango wa mwamba uwe na vitu viwili vya nchi kavu vinavyopangana, kimoja mbele ya kingine. Cha mbele kikionekana kuhamia kulia, wewe umesogea kushoto. Fuata cha mbele. Alama hizo hizo zinakuonyesha kama nanga inaburura. Wazee wanazo nyingi vichwani; ziandikwe, lakini mti wa mnazi usihesabiwe, unakatwa.

Miamba isomwe jua likiwa juu na nyuma yako, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Ukirudi pwani jioni unaelekea machweo, jua liko usoni, na mwamba wa kahawia hauonekani hata ukiwa hatua chache. Na mlango wa Mto Pangani: maji yakitoka mtoni huku upepo wa baharini unaingia, mawimbi husimama wima na kuvunjika. Ingieni maji yakijaa. Huo nao ni uamuzi wa kufanywa asubuhi kabla ya kuondoka, siyo mkiwa mmefika mlangoni.

Maziwe inafaa, kwa masharti. Ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo kibali na ada vishughulikiwe mapema. Pili, kile ni kisiwa cha mchanga mtupu ambacho maji makubwa hukifunika. Msikihesabu kama mahali pa kukimbilia. Pangeni mfike maji yakikupwa na muondoke yakiwa yanaanza kupanda. Usichague Juni wala Julai, kusi linakuwa na nguvu. Maleleji, kati ya kusi na kaskazi, ndiyo yanafaa zaidi kwa wanafunzi. Chombo cha ulinzi kiwe na mashine, na mtu wa pwani awe na karatasi yenye majina, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na saa ambayo akiona kimya anapiga simu.

---

Tezi_na_Omo:

Nyongeza kidogo ya sheria za njia, maana haijaguswa. Tanga kwa tanga: anayepokea upepo kwa kushoto anampisha anayepokea kwa kulia. Wote wakiwa upande mmoja, aliye upande wa upepo anampisha aliye chini yake. Mashine zikikutana uso kwa uso, kila mmoja anageukia kulia. Zikikatana, unampisha aliye kuliani kwako. Anayempita mwenzake ndiye mwenye jukumu la kukaa mbali. Ukiwa na tanga huku mashine inaunguruma, wewe ni mashine.

Haki ya njia haisomwi kwa meli kubwa. Meli ya maili 15 za bahari kwa saa inamaliza maili moja ndani ya dakika 4, boti ya kasi ya abiria ndani ya dakika 2. Usiku kwenye ngalawa, tochi ya mwanga mweupe iwe mkononi na uangaze tanga lako mapema, siyo macho ya nahodha wa mwenzako.

Ukaguzi na usajili wa chombo upande wa bara muulizeni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kabla ya kupandisha wanafunzi. Mkivuka kwenda Unguja au Pemba, huko kuna ZMA, mamlaka ya usafiri wa baharini ya Zanzibar.

---

Mwambao_Kusini:

Simu ya kawaida haitoshi badala ya redio? Bajeti imebana.

---

Bildi_na_Dira:

Simu mbili za mitandao tofauti, kila moja kwenye mfuko wake usiopitisha maji na zimejaa chaji, ni bora kuliko kukosa vyote. Lakini simu inampigia mtu mmoja, na nyuma ya mwamba mtandao hukatika. Redio ndogo ya mkononi ya VHF ya wati 5, chaneli 16, inasikika na kila chombo kilicho karibu, maili 5 hivi kutoka ngalawa hadi mashua, zaidi mkipokelewa na mnara au meli ndefu. Mkiwa na pesa ya moja tu, ikae kwenye chombo cha ulinzi. Zoezi lake lifanyike redio ikiwa imezimwa: "Mayday" (wito wa hatari) mara tatu, jina la chombo mara tatu, mko wapi, mmepatwa na nini, mko watu wangapi. Mahali mlipo patajwe mapema, kwa sababu betri ikifa baada ya hapo, angalau wanajua pa kuja.